Ugezi wa vifaa vya kupima vimeng'enya

Ugezi wa vifaa vya kupima vimeng'enya ni kazi ya kulinganisha vyombo vya maabara na vigezo ambavyo thamani yake inajulikana, ili kufahamu vyombo hivyo vinakosea kwa kiasi gani vinapopima utendaji wa kimeng'enya. Neno ugezi lina undugu na neno kigezo, na ndilo linalotumiwa nchini Tanzania na Shirika la Viwango (TBS) kwa kazi ya namna hii.

Kazi hii hufanyika katika maabara za hospitali, vyuo, vituo vya utafiti na viwanda. Makala hii inaeleza zaidi maabara za hospitali, kwa mifano ya Kibaha na Kisarawe katika Mkoa wa Pwani. Katika hospitali, namba ya kimeng'enya inaweza kumfanya daktari aendelee na dawa au aisimamishe. Chombo kisichofanyiwa ugezi hutoa namba vilevile, nayo huonekana safi kama namba sahihi. Kwa kuitazama tu, mtu hawezi kuijua.

Tofauti na vipimo vingine

Wasafiri wa barabara ya Morogoro wanaifahamu Misugusugu, mjini Kibaha, ambako Wakala wa Vipimo hupima ujazo wa matangi ya malori ya mafuta. Huko jambo lenyewe ni wazi: tangi hulinganishwa na ujazo unaojulikana, na lita ya leo ni lita ya kesho.

Kimeng'enya hakiko hivyo. Ni protini, nayo huharibika kwa joto, kwa muda na kwa uchafu. Haiwezekani kukiweka kabatini kwa miaka kama jiwe la mizani. Tena, kiasi chake katika damu ni kidogo mno, hivyo kwa kawaida hakipimwi kwa uzito. Hupimwa kwa kazi kinayoifanya katika muda fulani. Kwa sababu hiyo ugezi wake hauhusu chombo kimoja tu, bali kila kitu kinachoigusa kazi hiyo: nuru, joto, ujazo na saa.

Yuniti moja ya kimeng'enya (U) ni kiasi kinachogeuza mikromoli 1 ya dutu kwa dakika 1 katika masharti yaliyowekwa. Majibu ya hospitali huandikwa kwa yuniti katika lita moja ya seramu (U/L). Mwaka 1999 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliikubali katali kuwa kipimo rasmi cha kimataifa, yaani moli 1 kwa sekunde. Katali moja ni sawa na yuniti milioni 60, na hivyo ni kubwa mno kwa matumizi ya kila siku. Maabara nyingi zimebaki na yuniti.

Historia fupi

Katika miaka ya 1930 Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba kimeng'enya kinaweza kufuatiliwa kwa nuru. Dutu iitwayo NADH hufyonza nuru ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 340, lakini inapogeuka kuwa NAD+ huacha kuifyonza. Mwaka 1948 Bernard Horecker na Arthur Kornberg walipima nguvu ya ufyonzaji huo na kupata 6220 kwa moli katika lita kwa kila sentimita. Namba hiyo ingali ikitumika katika hesabu nyingi.

Mwaka 1955 Arthur Karmen wa Marekani alieleza njia ya kupima kimeng'enya AST katika damu kwa kutumia NADH, na baada ya muda mfupi ALT ikapimwa kwa njia ya aina hiyohiyo. Mwaka 2002 Shirikisho la Kimataifa la Kemia ya Tiba (IFCC) lilitoa taratibu rejea za kupima vimeng'enya kadhaa katika joto la nyuzi 37 za sentigredi. Kabla ya hapo maabara zilitumia nyuzi 25, 30 au 37, na majibu yao hayakulingana.

Mfano wa ALT

ALT (alanini aminotransferasi) hupatikana kwa wingi ndani ya seli za ini. Seli hizo zikiumia, huvuja na kuingia katika damu. Katika maabara seramu ya mgonjwa huchanganywa na kitendanishi chenye alanini, oksoglutarati, NADH na kimeng'enya kisaidizi. ALT huzalisha piruvati, na kimeng'enya kisaidizi huigeuza piruvati kuwa laktati huku NADH ikitumika. NADH inavyopungua, nuru inayopita katika kuveti huongezeka. Chombo kiitwacho spektrofotomita huandika mabadiliko hayo dakika kwa dakika.

Kwa kuveti yenye upana wa sentimita 1, hesabu yake ni hii:

Utendaji (U/L) = badiliko la ufyonzaji kwa dakika × (ujazo wote ÷ ujazo wa sampuli) × 1000 ÷ 6.22

Tuseme kitendanishi ni mikrolita 1000 na seramu ni mikrolita 100. Ujazo wote ni 1100, na ukigawanywa kwa 100 hupatikana 11. Kwa hiyo kizidisho ni 11 × 1000 ÷ 6.22, yaani takriban 1768. Ufyonzaji ukishuka kwa 0.020 kila dakika, ALT ni takriban 35 U/L.

Katika hesabu hii chombo hakikuiona ALT hata kidogo. Kiliona nuru. Namba 35 imetoka kwenye nuru, saa na pipeti, na imedhaniwa kwamba joto lilikuwa nyuzi 37. Kimoja kikikosea, jibu zima hukosea.

Hatua za ugezi

Urefu wa wimbi

Spektrofotomita iliyowekwa kwenye 340 inaweza kwa kweli kuwa inatoa nuru ya 337 au 344. Ukaguzi hufanywa kwa kichujio au myeyusho wa holmi, ambao vilele vyake vya ufyonzaji haviyumbi. Katika asidi ya pakloriki vilele viwili vinavyotumiwa sana viko kwenye nanomita 361.5 na 536.3. Kosa dogo lina madhara machache pale kilele cha dutu inayopimwa kinapokuwa kipana, kama cha NADH. Lina madhara makubwa pale kipimo kinapochukuliwa kwenye mteremko, kwa kuwa hapo hatua ndogo hubadili kimo haraka.

Ukubwa wa ufyonzaji

Hapa hutumika vichujio vyenye cheti, au myeyusho wa dikromati ya potasiamu katika asidi hafifu ya salfuriki. Miligramu 60 katika lita 1 hutoa ufyonzaji wa takriban 0.64 kwenye nanomita 350, na takriban 0.87 kwenye 257. Dikromati ni sumu na huweza kusababisha saratani. Hushikwa kwa glavu na haimwagwi kwenye sinki.

Nuru ya kupotea

Hii ni nuru isiyo ya wimbi lililochaguliwa, ambayo hufika kwenye kihisio bila kutakiwa. Hutokana na taa iliyochoka, vioo vyenye vumbi au kifuniko kisichofunga vizuri. Madhara yake huongezeka kadiri ufyonzaji unavyokuwa mkubwa. Nuru ya kupotea ikiwa asilimia 1, ufyonzaji wa kweli wa 1.0 husomeka 0.96, na ule wa 2.0 husomeka 1.70. Kwa kuwa kipimo cha ALT huanza na NADH nyingi, mteremko wa mwanzo hubanwa na ALT huonekana ndogo. Ukaguzi kwenye 340 hufanywa kwa myeyusho wa nitriti ya sodiamu wa gramu 50 kwa lita. Myeyusho huo huzuia karibu nuru yote ya wimbi hilo, hivyo nuru yoyote inayoonekana ni ya kupotea.

Joto

Kwa makadirio, kasi ya kimeng'enya huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10, yaani karibu asilimia 7 kwa kila uzi mmoja. Taratibu rejea za IFCC hudai nyuzi 37.0, na tofauti isiyozidi 0.1. Joto hupimwa ndani ya kuveti kwa kihisio chembamba chenye cheti. Namba inayoonyeshwa kwenye kioo cha mashine haitoshi, kwa sababu huonyesha joto la chuma kinachoizunguka kuveti, ilhali kitendanishi kilichotoka jokofuni dakika mbili zilizopita bado kinaweza kuwa baridi.

Pipeti

Pipeti hukaguliwa kwa mizani. Maji safi hunyonywa na kumwagwa kwenye chombo kilichopimwa, angalau mara 10, na kila mara uzito huandikwa. Kwa nyuzi 28, mikrolita 100 za maji huwa na uzito wa takriban gramu 0.0996. Anayedhani lazima zipatikane 0.1000 atailaumu pipeti bure. Kwa hiyo joto la maji hupimwa kwanza, kisha hutumika jedwali la kusahihisha. Kwa pipeti ya mikrolita 100, kiwango cha kimataifa ISO 8655 huruhusu wastani kukosea kwa mikrolita 0.8 tu.

Saa na mnyoofu wa kipimo

Saa ya mashine hulinganishwa na saa nyingine ya kuaminika. Pia huangaliwa kama mabadiliko ya dakika ya kwanza, ya pili na ya tatu yanalingana. Yakipungua haraka, huenda kimeng'enya ni kingi mno na NADH inakwisha. Sampuli hiyo huzimuliwa na kupimwa upya, la sivyo mgonjwa mwenye ini lililoumia vibaya anaweza kupata jibu la chini.

Kalibreta na sampuli za udhibiti

Hospitali nyingi hutumia mashine zinazojiendesha, na hazikagui kila sehemu kila siku. Hutumia kalibreta, yaani seramu iliyokaushwa ambayo mtengenezaji ameipa thamani. Thamani hiyo inatakiwa iweze kufuatiliwa hatua kwa hatua hadi kwenye utaratibu rejea wa IFCC. Mashine huipima kalibreta na kurekebisha kizidisho chake.

Sampuli ya udhibiti ni kitu kingine. Kalibreta huifundisha mashine, na sampuli ya udhibiti huitahini. Mwalimu hatoi katika mtihani mfano uleule alioufanya ubaoni, na kwa sababu hiyohiyo kalibreta haitumiki kama sampuli ya udhibiti.

Kwa kawaida hupimwa sampuli mbili za udhibiti, ya kiwango cha kawaida na ya kiwango cha juu, kabla ya sampuli za wagonjwa. Majibu huwekwa kwenye chati ya Levey na Jennings, iliyobuniwa mwaka 1950. Tuseme wastani ni 98 U/L na mkengeuko sanifu ni 4. Mstari wa tahadhari ni 90 na 106, na mstari wa kusimamisha kazi ni 86 na 110. Jibu moja likivuka 110, majibu ya wagonjwa hayatolewi hadi chanzo kijulikane. Majibu yakisoma 97, 99, 101, 102, 104 na 105 kwa siku sita mfululizo, hakuna mstari uliovukwa, lakini kuna kitu kinachopanda. Huenda ni joto, au ni kitendanishi.

Seramu iliyokaushwa huyeyushwa kwa ujazo kamili, mara nyingi mililita 5.0. Anayeyeyusha kwa pipeti mbovu huharibu kalibreta na sampuli ya udhibiti kwa pamoja. Kwa kuwa zote mbili zimekosea upande mmoja, chati huonekana nzuri huku majibu ya wagonjwa yakiwa si sahihi. Ndiyo sababu pipeti hukaguliwa peke yake kwa mizani.

Mfano wa mgonjwa kati ya Kisarawe na Kibaha

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Hospitali ya Tumbi, iliyokua pamoja na Shirika la Elimu Kibaha lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, sasa ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Kisarawe ni wilaya ya mkoa huohuo yenye hospitali yake ya wilaya. Mgonjwa anaweza kuanza matibabu wilayani na kupelekwa mkoani, na majibu ya maabara mbili yakawekwa katika faili moja.

Mfano ufuatao ni wa hesabu tu. Hauelezi kituo chochote.

Mtu anatumia dawa za kifua kikuu. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote huweza kudhuru ini. Miongozo mingi hushauri dawa zisimamishwe ALT ikifikia mara 5 ya kikomo cha juu cha kawaida hata kama mgonjwa hana dalili, au mara 3 kama ana dalili kama kutapika au macho kuwa ya manjano. Kikomo kikiwa 40 U/L, mara 5 ni 200.

Tuseme ALT ya kweli ya mtu huyu asiye na dalili ni 210. Katika maabara, pipeti inatoa mikrolita 95 badala ya 100, na hilo linashusha jibu kwa karibu asilimia 5. Joto la kuveti ni nyuzi 36 badala ya 37, na hilo linashusha asilimia 7 nyingine. Jibu linatoka 186. Makosa mawili madogo, ambayo kila moja lingeweza kupuuzwa, yamempitisha mgonjwa chini ya mstari, naye anaendelea kumeza dawa.

Kosa la kupandisha jibu lina hasara yake pia. Dawa za kifua kikuu zikisimamishwa bila sababu, ugonjwa hupata nafasi, na mgonjwa anaweza kuendelea kuambukiza wengine nyumbani.

Hata maabara mbili zilizofanyiwa ugezi vizuri zinaweza kutofautiana kama vitendanishi vyao havifanani. Utaratibu wa IFCC huongeza pairidoksali fosfati, inayotokana na vitamini B6, ambayo ALT huihitaji ili ifanye kazi kikamilifu. Vitendanishi visivyo nayo hutoa majibu ya chini, hasa kwa wagonjwa wenye upungufu wa vitamini hiyo. Kwa hiyo jibu husomwa pamoja na kikomo cha maabara iliyolitoa, na inapowezekana mgonjwa hufuatiliwa katika maabara ileile.

Mazingira ya Pwani

Joto na unyevu wa ukanda wa pwani huleta matatizo ya aina yake. Unyevu huotesha ukungu kwenye lenzi na vichujio. Umeme ukikatika na kurudi, taa ya mashine huhitaji muda, mara nyingi dakika 15 hadi 30, kabla ya kutulia. Kipimo kilichochukuliwa mapema huyumba. Jokofu lililozima usiku huharibu vitendanishi hata kama asubuhi linaonekana baridi, na kwa hiyo joto lake huandikwa kila siku. Maji ya kuyeyushia seramu yawe yaliyotolewa chumvi. Maji ya bomba hayafai.

Ugezi hauponyi sampuli mbaya. Damu iliyotikiswa njiani kutoka zahanati za mbali hupasuka chembe nyekundu, na AST hupanda kwa sababu imo ndani ya chembe hizo. ALT nayo hupungua nguvu ikigandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hivyo seramu ya siku chache huhifadhiwa vizuri zaidi jokofuni bila kugandishwa.

Kipimo cha G6PD

Kimeng'enya kingine chenye umuhimu Afrika Mashariki ni G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Mwaka 1960 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti kuhusu upungufu wake miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki. Mwenye upungufu akipewa primakwini kwa dozi za siku nyingi, chembe zake huweza kupasuka. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba dozi moja ndogo, ya miligramu 0.25 kwa kilo, inayotolewa ili kuzuia kuenea kwa malaria ya falsiparamu, haihitaji kipimo hiki.

Jibu la G6PD huandikwa kwa yuniti katika gramu ya hemoglobini. Kwa hiyo vyombo viwili huhitaji ugezi, cha kimeng'enya na cha hemoglobini, na kosa la kila kimoja huingia katika jibu. Hili ni muhimu hasa kwa wanawake wengi wanaorithi jeni hiyo upande mmoja, ambao majibu yao huangukia kati ya asilimia 30 na 70 ya kiwango cha kawaida, karibu na mistari ya kuamulia dawa.

Usimamizi

Nchini Tanzania, TBS, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina maabara ya ugezi inayokagua mizani, vipimajoto na vyombo vingine. Wakala wa Vipimo husimamia vipimo vya biashara. Maabara za tiba hufuata kiwango cha ISO 15189, na maabara za ugezi hufuata ISO/IEC 17025. Ithibati huweza kutolewa na SADCAS, chombo cha nchi za SADC chenye makao nchini Botswana.

Jaribio kwa wanafunzi

Shule za sekondari, kama Kibaha na Minaki iliyoko Kisarawe, zinaweza kuonyesha jambo hili bila mashine ya gharama. Kwanza kipimajoto hufanyiwa ugezi: kwenye barafu inayoyeyuka kinatakiwa kisome 0, na kwenye maji yanayochemka kisome 99 hadi 100 katika miinuko midogo ya Pwani. Tofauti huandikwa.

Kisha amilesi ya mate huchanganywa na uji mwepesi wa wanga. Kila nusu dakika tone moja huwekwa kwenye iodini. Wakati ambao rangi ya buluu haitokei tena ndio kipimo cha kasi. Jaribio hurudiwa kwenye maji ya nyuzi 30 na ya nyuzi 37, kila mwanafunzi akitumia mate yake mwenyewe. Kundi lenye kipimajoto kinachokosea kwa nyuzi 3 litapata muda tofauti na wenzake, ingawa limefuata kila hatua. Mwalimu anaweza kuwaachia wanafunzi wenyewe watafute sababu kabla ya kuwaonyesha kipimajoto.